Mwanza mpaka Butiaba: kuwafuata Bogart na Hepburn kwenye maji yetu

Nimesharudi Mwanza, hii nimeiandika kutoka kwenye notibuku na picha za kwenye simu, kwahiyo mpangilio ni wa siku kwa siku ila zile saa za kukaa tu kwenye basi nimeziruka.

Kilichonitoa nyumbani ni kitu kimoja. Mwaka 1999 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ilitoa orodha ya mastaa wakubwa kuliko wote wa Hollywood ya zamani, namba moja kwa wanaume akawa Humphrey Bogart na namba moja kwa wanawake Katharine Hepburn. Sasa hawa wawili maisha yao yote walicheza pamoja muvi moja tu, The African Queen ya 1951, na hiyo moja walikuja kuipigia (kuirekodi) huku, Congo kwanza halafu Uganda, Ziwa Albert na mto Nile. Watu wanalipa nauli ya ndege kwenda Los Angeles kupiga picha na nyota zilizowekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na sisi tuna sehemu yenyewe ambayo steringi namba moja wa kiume na steringi namba moja wa kike walikaa, wakafanya kazi, na unafika kwa basi.

ALHAMISI USIKU, MWANZA – BUKOBA

Nilichukua meli, MV Victoria, inatoka usiku inafika asubuhi. Daraja la pili la kukaa nauli haikufika elfu arobaini. Beba blanketi au koti zito, usiku wa manane upepo wa ziwa unaingia kila mahali. Chakula kipo ndani, wali maharage na samaki, ila mimi nilishakula sato mjini.

Muvi niliidownload kabla sijatoka nikaiangalia tena nikiwa nimekaa dirishani. Pembeni yangu alikua mama mmoja wa Kamachumu, mtu mzima, nikampa shikamoo akaitikia halafu bila kuuliza akanifungulia kikopo cha senene, "kula mwanangu, safari ndefu", tukaangalia wote sehemu ya mwanzo. Ile sehemu Bogart amekaribishwa chai na wamisionari tumbo linamuunguruma mezani na kila mtu anajifanya hasikii, yule mama alicheka mpaka abiria wa nyuma wakaamka.

Kwa ambao hawajawafuatilia hawa watu niweke kidogo hapa. Bogart amezaliwa Krismasi ya 1899. Miaka ya 1930 karibu yote alikua jambazi wa kufa kabla muvi haijaisha, anapigwa risasi na James Cagney, anapigwa risasi na Edward G. Robinson, mpaka 1941 alipopata The Maltese Falcon, muvi ya kwanza kabisa John Huston kuiongoza. Halafu 1942 Casablanca na Ingrid Bergman, nayo kapo ya mara moja tu, hawakurudiana tena. Kapo yake inayojulikana ni Lauren Bacall, muvi nne kuanzia 1944 mpaka 1948. Walipokutana Bacall alikua na miaka 19 yeye 44, mwaka uliofuata wakaoana, na kwenye ile ya kwanza unaona kabisa watu wanapendana mbele ya kamera na hakuna aliyejaribu kuficha.

Hepburn njia yake ilikua ngumu zaidi kuliko watu wanavyokumbuka. Alipata Oscar mapema sana kwa muvi ya 1933, halafu 1938 wenye majumba ya sinema Marekani wakamweka kwenye orodha ya mastaa wanaoua biashara. Akajinyanyua mwenyewe kwa The Philadelphia Story ya 1940 na Cary Grant, ikiwa ni muvi yao ya nne, halafu kuanzia 1942 akaanza na Spencer Tracy na hao walifika muvi tisa. Ya mwisho ilitoka 1967 na Tracy alifariki siku 17 tu baada ya kumaliza kuipiga. Mpaka anafariki yeye mwaka 2003 alikua na Oscar nne za mwigizaji bora wa kike.

IJUMAA, BUKOBA – KYAKA – MUTUKULA – KAMPALA

Bukoba nilikunywa chai na ndizi za utumbo pale karibu na stendi kisha nikapanda coaster ya Mutukula. Lami nzuri. Kyaka tunavuka mto Kagera kwenye daraja, wazee wote garini wanasema kitu kuhusu vita ya 1978 na daraja lilivyolipuliwa, na mimi nilikua nawaza kitu kingine kwenye mto huohuo, kambi ya Mogambo.

Mogambo ni ya 1953, John Ford kaiongoza, na sehemu yake walipiga kwenye mto Kagera upande wa Tanganyika, sehemu nyingine Kenya. Kambi kubwa ya mahema, Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na Frank Sinatra naye alikuja kama mume wa Ava. Kinachonigusa ni Gable. Stori hiyohiyo alishaicheza 1932 ikiitwa Red Dust, akiwa na Jean Harlow, na yeye na Harlow walikua kapo ya moto, muvi sita, mpaka Harlow alipofariki Juni 1937 ana miaka 26 tu na muvi yao ya sita haijaisha kupigwa. Miaka 21 baada ya Red Dust mwanaume yuleyule anarudia nafasi ileile, wanawake wapya, na huku ni Afrika kweli sio studio. Na Ava hii ilikua muvi yao ya tatu pamoja, na mimi naona Ava ndio aliyeshika uzito wote wa ile muvi, Gable kachoka, Ava anamwangalia kama mtu anayemjua. Alipata uteuzi wa Oscar, Kelly naye akapata wa msaidizi.

Kwa watakaopita Mutukula: Mtanzania unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Kadi ya homa ya manjano wanaiangalia. Pande zote mbili zipo jengo moja sasa kwahiyo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia hapohapo. Badilisha hela kidogo tu ya kufikia Kampala, kule bei ni nzuri zaidi, na kabla hujampa mtu noti zako hesabu mwenyewe kwa kalkuleta ya simu yako.

Kyotera, Masaka, sawa. Lukaya basi likapasua tairi, na la akiba halikua na upepo. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, lakini kama unataka kukwama sehemu kwamia Lukaya maana pale ndio wanakouza kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja (ndizi za kuchoma), wanakuja nao mpaka dirishani. Kijana mmoja wa bodaboda alitoka na tairi letu mgongoni kwenda kulijaza upepo, kondakta akamwekea mafuta tu, hela alikataa. Kampala nimeingia usiku, foleni, nikalala gesti ya karibu na stendi ya Kisenyi elfu arobaini ya kwao.

JUMAMOSI, KAMPALA – MASINDI

Mabasi ya Masindi yanatoka Kisenyi kuanzia alfajiri, saa nne hivi za barabarani. Hakuna la kusimulia njiani zaidi ya kwamba nililala.

Masindi ni mji mtulivu, ndio mlango wa hifadhi ya Murchison. Kuna hoteli kongwe ya miaka ya 1920, ya enzi za reli na meli za mkoloni, wasafiri walikua wakishuka hapa kabla ya kuendelea ziwani, na wenyewe wanasimulia kwamba Bogart na Hepburn walipita. Chumba chake kilikua juu ya bajeti yangu, nikanywa chai tu barazani. Mama aliyekua ananihudumia akaniuliza mpaako wangu. Wanyoro kila mtu ana jina la heshima la kuitwa, mpaako, na kumwita mtu bila hilo wanaona kama umemkosea adabu. Nilipomwambia sisi hatuna akanipa hapohapo, Amooti, na tangu hapo kila mtu pale barazani akawa ananiita Amooti, mpaka bili imekuja imeandikwa Amooti. Nimeipiga picha.

Usiku nikapita kwenye kibanda cha video, wanaonyesha muvi ya mapigano, VJ anatafsiri kwa Kiganda juu ya sauti na anaongeza yake, watu wamejaa. Nilikaa nusu saa. Nikawa nawaza Hepburn angetafsiriwa vipi, maana yule anaongea haraka na kila neno lina makali.

JUMAPILI, MASINDI – PAARA – MURCHISON

Peke yako gari ni ghali. Mimi nilipata walimu wawili wa Gulu waliokua wanaenda hifadhini, tukachangia special hire, laki moja na ushee kila mmoja kwenda na kurudi. Barabara zamani ilikua ya vumbi, sasa sababu ya mafuta ni lami mpaka ndani, na Paara kuna daraja juu ya Nile.

Getini onyesha pasipoti ya Afrika Mashariki, unalipa kwa shilingi ya Uganda na ni hela ndogo sana ukilinganisha na dola wanazolipa wazungu. Usitegemee keshi, uwe na kadi au simu yenye hela. Boti ya kwenda chini ya maporomoko weka nafasi mapema, ya asubuhi ndio nzuri.

Boti inapanda mto taratibu, viboko, mamba wamelala wamefungua midomo, mafunjo pembeni. Kule mwisho Nile yote inabanwa kwenye mwanya wa kama mita 7 na kudondoka zaidi ya mita 40, na hata ukiwa mbali mapovu meupe yanapita pembeni ya boti. Nahodha alikua mtu wa Pakwach, nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya The African Queen akapunguza mwendo karibu na ukingo ili nipige picha vizuri, wengine wote walikua wanataka tembo.

Hapa walipita wawili wa kapo nyingine kabla ya Bogart: Stewart Granger na Deborah Kerr, King Solomon's Mines ya 1950. Hao walicheza tena pamoja mara mbili baadae. Ile muvi ni nzuri kwa picha lakini kuna kitu kinaniudhi mpaka leo, Kerr anajikata nywele mwenyewe na mkasi huko porini, halafu anatokea zimeseti kama katoka saluni. Mwaka mmoja tu baadae anakuja Hepburn maji haya haya, nywele zimelowa, shingo imekaza, jasho ni jasho. Alikua anatimiza miaka 44 mwaka huo, Bogart ana 51. Hakuna kijana pale. Na nadhani ndio maana wanaaminika kuliko kapo nyingi za muvi sita au nane. Kapo ya muvi nyingi inajifunza namna ya kupendeza, tayari wanajua watazamaji wanataka nini. Hawa hawakua na muda huo, ilibidi waangaliane kweli kila siku.

Kupiga kwenyewe kulikua kazi. Rangi ya Technicolor ilihitaji kamera kubwa nzito, kwahiyo kwenye mto Ruiki kule Congo waliunga vyelezo vya kubebea kamera, taa na jenereta na kuvivuta kwa boti. Ile boti ya kwenye muvi, ambayo ndio African Queen yenyewe, ilizama kule wakaivuta ikaibuka. Zile sehemu za ndani ya maji hasa, wanasukuma boti kwenye matete na ruba wanamng'ang'ania Bogart, hazikupigwa huku, ni studio ya Isleworth, London, maana maji ya huku waliyaogopa kwa kichocho. Lakini ukiangalia uso wake anavyotetemeka ruba wanapotolewa utasema yupo kinamasini kweli.

Jioni tulipanda juu ya maporomoko kwa miguu. Vaa viatu vinavyoshika, mawe yamelowa.

JUMATATU, BULISA – BUTIABA

Hii ndio siku niliyoitafuta. Walimu wakanishusha njia panda, nikapata lifti ya lori la mchanga mpaka Bulisa, dereva hakutaka hata mia, kisha teksi. Barabara inafuata ziwa chini ya ukuta mrefu wa mlima, na ng'ambo ya pili ya ziwa milima ya Congo inaonekana ya bluu.

Butiaba ilikua bandari kubwa. Mzigo ulitoka Masindi ukashuka hapa ukaingia melini kwenda Congo. Mvua za miaka ya 1960 ziwa likapanda, likameza bandari, meli iliyoitwa Robert Coryndon ikazama hapohapo 1964. Sasa ni kijiji cha wavuvi, mitumbwi, dagaa wanaanikwa mchangani, na Kiswahili unakisikia kila kona maana Waaluri na Wakongo wapo wengi.

Hapa ndipo walipojenga kile kijiji cha misheni cha mwanzo wa muvi, kanisa na vibanda, ambacho Wajerumani wanakichoma. Kwenye lile kanisa Hepburn anapiga kinanda na kuimba kwa nguvu. Alikua anaumwa tumbo vibaya sana siku hizo, pembeni ya kamera kulikua na ndoo, akikatishwa tu anatapika halafu anarudi kuimba. Alikua hanywi pombe na anawalaumu Bogart na John Huston, aliyeiongoza hii nayo, kwa whisky yao, na maji aliyokua anayaamini ndio yaliyomuumiza, wale wawili wa whisky na vyakula vya makopo hawakuugua. Bacall ambaye hakua kwenye muvi kabisa alimfuata mumewe mpaka huku, akawa anapika na kuuguza watu.

Ukiangalia ile sehemu ya kanisa ukijua hivyo, unaona macho yake yamelegea lakini kidevu kipo juu. Na hicho kidevu Huston ndiye aliyempa. Mwanzo alikua anamcheza Rose, yule mmisionari wake kwenye muvi, kwa ukali, sura ndefu, Huston akamwambia amfikirie Eleanor Roosevelt anavyotembelea majeruhi hospitalini, na tabasamu lake la kijamii. Hepburn mwenyewe alisema ndio maelekezo bora aliyowahi kupewa.

Kijijini nilimkuta mzee mmoja anashona wavu, nikamwamkia, akanipa kigoda. Anakumbuka maji yalivyopanda, akanionyesha kwa fimbo maghala yalikua wapi, sasa hivi ni maji matupu. Watu wakajaa, nikatoa simu, tukaiangalia muvi wavuvi kama kumi tumebanana chini ya turubai. Nikawapa tafsiri mimi mwenyewe kadri nilivyoweza.

Hawa watu walimkagua Bogart kama wanaajiri mtu. Anavyopiga teke boila sababu bisibisi iliangukia kwenye valvu, wakasema sawa, injini yetu ya Yamaha nayo tunaipiga. Anavyoweka kuni, sawa. Hepburn alipomwaga chupa za pombe zote mtoni moja moja Bogart akiwa na hangover hawezi hata kunyanyuka, kelele zilipigwa, "waragi yote!", na mama mmoja muuza dagaa akasema kafanya vizuri sana, hata mimi ningefanya. Ila kabla ya hapo, ile sehemu ya maji ya kasi ya kwanza, Rose ameshika usukani, uso umewaka, walinyamaza. Mvuvi mmoja wa upande wa Mahagi, Congo, akasema, "Uyu mama anaangalia mayi, haangalie bwana. Atafika." Nimeiandika hivyo hivyo. Nimesoma mengi kuhusu kwanini hawa wawili wanaivana na sijaona sehemu iliyosemwa vizuri hivyo. Muvi nyingi za mapenzi za wakati ule mwanamke anamwangalia mwanaume muda wote. Hawa wawili wote wanaangalia mto, wanakuja kugeukiana wakiwa tayari wameshakua timu.

Bogart alipata Oscar kwa hii, pekee aliyowahi kupata, akamshinda Marlon Brando. Hepburn aliteuliwa akashindwa na Vivien Leigh. Bogart akafariki Januari 1957 na kapo ikaishia hapo. Boti yenyewe ilikua ya kweli, imetengenezwa Uingereza 1912 ikiitwa Livingstone, ikafanya kazi kwenye maji haya miaka mingi, leo ipo Key Largo, Florida, inabeba watalii, na Key Largo ndio jina la muvi ya mwisho ya Bogart na Bacall. Natamani ingebaki huku.

Samaki wa kukaanga na posho (ugali) pale ufukweni elfu nane. Mzee wa wavu alikataa hela, akakubali nimwachie chaja ya sola.

JUMANNE, HOIMA – KAMPALA – MPAKANI

Kutoka Butiaba teksi zinapanda mlima kwenda Hoima, lami mpya, kaa upande wa kulia uone ziwa mara ya mwisho. Hoima mabasi ya Kampala yapo muda wote.

Basi la usiku la kuelekea mpakani nilikaa na binti anasoma uuguzi Mbarara, akaomba nimtumie muvi, nikamtumia kwa Xender, akauliza akimaliza hiyo aangalie ipi. Nilimwambia aanze na To Have and Have Not aone Bogart na mtu anayempenda, halafu Woman of the Year aone Hepburn na Tracy wanavyoanza, halafu airudie The African Queen. Alishuka Masaka akiwa amefika kwenye ruba.